Wingu Lililorudi

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye ua wa nyuma, macho wazi, ikitazama juu kama mtu ambaye bado yuko kazini.

Inspekta hakutazama juu. Shingo yake ilikuwa imekaza tangu alipoanguka na pikipiki ya kituo, na ili aone kitu kilicho juu ya kichwa chake ilimbidi ashike kiuno na kujipinda mwili mzima. Akachuchumaa, akatazama kilichokuwa chini.

Marehemu alikuwa mwanamume mwenye mvi, amevaa sweta la kufuma lenye viraka vya viwiko. Miwani myeusi ya jua ilikuwa imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa shati. Haikuvunjika hata kioo.

"Ametangulia kisogo," alisema daktari wa polisi huku akivua glavu. "Kutoka paani, ghorofa nne. Hakuteseka."

"Miguu iko upande wa ukuta," Inspekta alisema. "Kichwa kiko upande wa geti."

"Nimeona."

"Mtu anayejirusha hutazama anakokwenda. Huyu alitoka kinyumenyume."

"Mimi bado sijasema hivyo. Ngoja nimfungue kwanza."

Sajini alikuwa ameshazungusha utepe. Nyuma yake wafanyakazi walisimama wakiwa wamefumbata mikono, na jua la asubuhi liliwapiga usoni hadi wakakunja nyuso. Jengo lile lilikuwa la ofisi inayopokea picha za nchi zinazopigwa na setilaiti. Kwa nje lilifanana na shule ya zamani.

Mwanamume mrefu mwenye shati la mikono mirefu alijitenga na wenzake, akaja.

"Mimi ndiye mkuu wa chumba cha picha," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa wananiita Bosi tu. Huyu tulimwita Mzee Anga. Afande, hili jambo tuliliona linakuja. Mzee alikuwa ameshaanza kuchanganyikiwa."

"Kuchanganyikiwa vipi?"

Bosi aliitazama maiti, akageuza macho upesi. "Alikuwa anasema kuna wingu linarudi."

*

Ofisi ya Bosi ilikuwa karibu na ngazi ya kupanda paani. Mezani palikuwa na skrini kubwa na picha ya familia kwenye fremu: mama mzee ameketi, vijana wawili wamesimama nyuma yake. Mmoja alikuwa Bosi. Mwingine alikuwa mfupi, anacheka mpaka fizi zinaonekana.

"Huyu nani?" Inspekta aliuliza.

"Mdogo wangu. Yuko ng'ambo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua kwisha. Lakini tumekuja kuzungumzia Mzee Anga."

"Ndiyo. Alikuwa anafanya nini paani?"

"Kazi yake. Setilaiti hupita juu yetu asubuhi kila siku. Saa hiyo mtu mmoja hupanda, hutazama anga kwa macho yake, anasema kama kuna mawingu au hakuna. Baadaye tunalinganisha na picha."

"Na leo?"

"Leo alipanda. Hakushuka kwa ngazi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mlango nilikuwa nimeufunga."

"Hukumsikia akipita?"

"Anapita kila siku, afande. Utamsikiaje mtu anayepita kila siku?"

"Anga lilikuwaje?"

Bosi alitabasamu kidogo, kama mtu aliyezoea swali hilo. "Sikutazama. Mimi hutazama picha."

Alipokuwa akisema alivuta mkono wa shati mpaka ukafika kwenye kiganja. Chumba kilikuwa na joto. Kila mtu mwingine jengoni alikuwa amekunja mikono ya nguo.

*

Paani palikuwa peupe, pamefagiliwa. Ukuta wa pembeni ulifika kiunoni. Sajini alipiga magoti akachunguza juu ya ukuta, akakuta nyuzi za sweta zimenasa kwenye saruji. Alizitia kwenye mfuko wa ushahidi kwa kibanio.

"Amekaa hapa au ameegemea," alisema. "Mgongo kwa nje. Afande, wewe ungetaka kujirusha, ungejirusha ukiwa umeupa mgongo ua?"

"Mimi kwa shingo hii hata kushuka kitandani ni safari."

Sajini alicheka. Palikuwa kimya kwa namna isiyo ya kawaida. Hapakuwa na upepo. Kamba ya nguo kwenye nyumba ya jirani ilikuwa imejaa mashuka na hakuna hata moja lililotikisika.

"Nieleze anga," Inspekta alisema.

"Nini?"

"Mimi siwezi kuangalia vizuri. Niambie unaona nini."

Sajini aliinua uso, akazunguka taratibu. "Hakuna kitu, afande. Bluu tupu. Hata unyoya."

*

Aliyejua zaidi kazi ya marehemu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuimba, aliyeitwa Mama Mapacha. Meza yake ilipakana na ya marehemu. Macho yalikuwa mekundu, lakini mikono haikuacha kupanga kalamu.

"Kaa, baba. Hicho kiti kinayumba, usiniangukie, leo tumeshaanguka vya kutosha." Alijikuta ameshasema, akaziba mdomo. "Mungu wangu. Samahani."

"Usijali. Nieleze mnachofanya hapa, kama unamweleza mtoto."

"Picha zikifika, kwanza zinaingia kwa Bosi. Yeye anatugawia. Mashine inapaka nyekundu kila mahali inapodhani ni wingu. Sisi tunaisahihisha, maana ina ujinga wake. Bati jipya, inasema wingu. Shamba la chumvi, wingu. Moshi, wingu. Tukimaliza, palipo na wingu panaachwa. Hakuna anayepatazama tena. Chini ya wingu, kwetu sisi, hakuna kitu."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna taarifa. Kama kuna bwawa, hatupimi maji yake. Kama kuna msitu, hatuhesabu miti. Tunasubiri siku anga likiwa safi."

"Na leo asubuhi Mzee Anga aliwaambia nini?"

"Huwa anapiga kelele kutoka juu, dirisha letu liko wazi. Kukiwa na mawingu anapaza sauti, 'Nusu!' au 'Limefunga!' Leo kasema, 'Safi!'" Alisogeza kalamu moja. "Nikaandika. Halafu nikamsikia anaongea. Sikushika maneno. Halafu kishindo."

"Anaongea na nani?"

"Nilidhani peke yake. Siku hizi kila mtu alishaamua anaongea peke yake."

Inspekta alivuta kiti kile kinachoyumba. "Nionyeshe wingu linalorudi."

Mama Mapacha alitazama mlango wa Bosi. Ulikuwa umefungwa. Alifungua picha moja, kisha nyingine, kisha nyingine, akazipanga kwenye skrini kama karata.

Kila picha ilikuwa ya mahali pale pale: machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji, shimo kubwa lililojaa maji. Na katika kila picha, juu ya maji yale, palikaa wingu dogo jeupe. Lilikuwa na nundu moja na kitu kama mkia. Lilifanana na mbuzi asiye na kichwa.

Inspekta alisogea karibu na skrini.

"Ni lile lile," alisema.

"Mzee Anga alinionyesha nikamcheka. Nikamwambia, 'Mzee, mawingu ni mawingu.' Akaniambia, 'Mwanangu, nimetazama mawingu maisha yangu yote. Hakuna hata moja lililowahi kurudi na sura yake.'" Alisogeza kidole kwenye skrini. "Na angalia kivuli. Kila wingu lina kivuli chini. Jua likihama kutoka msimu hadi msimu, vivuli vinahama nalo. Hivi hapa vya majengo, vimehama. Hivi vya miti, vimehama. Hiki cha wingu hili kimegoma. Kimeangukia pale pale tangu mvua zilipoisha."

"Maana yake nini?"

"Ama kuna jua la pili, baba, ama mtu amelinakili. Amelitoa kwenye picha moja na kulibandika kwenye zote."

"Nani anaweza?"

Mama Mapacha alitazama tena mlango wa Bosi.

"Kuna njia ya kuona chini yake?"

"Waliotutumia picha wana nakala mbichi, ambazo hazijaguswa na mtu. Mzee alisema ataziomba leo."

"Ziombe wewe," Inspekta alisema. "Na ya leo pia. Usimwambie mtu, hata mapacha."

"Hao ndio kabisa. Ukiwaambia kitu saa hizi, jioni mtaa mzima umejua."

*

Binti wa marehemu alikuwa fundi cherehani. Walimkuta amekaa mbele ya mashine, kitambaa kimebanwa chini ya sindano, lakini mguu haukanyagi. Nyuma ya mlango lilitundikwa gauni jeupe ambalo halijapindwa chini.

"Pole sana, binti," Inspekta alisema.

"Asante, afande. Kaeni." Alifuta uso kwa kiganja. "Ni kweli alivyosema mkuu wake? Kwamba baba alijirusha?"

"Amekuja hapa?"

"Amekuja mapema. Ameleta rambirambi. Amesema mbele ya watu wote kwamba baba alikuwa mgonjwa wa akili na tumsamehe." Alilitazama gauni lile. "Shangazi wa mchumba wangu alikuwepo. Hajamaliza hata chai, ameshaniuliza kama hayo mambo yako kwenye damu yetu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza. Ningesema nini? Kweli baba alikuwa ananiambia habari za hilo wingu kila siku. Aliacha kula. Alikuwa akisema, 'Linatutazama, mwanangu, linajua nimelijua.'" Aliinua macho makavu. "Afande, mimi sitaki pesa ya mtu wala msamaha wa mtu. Nataka unijibu kitu kimoja. Baba yangu alikuwa na akili zake au hakuwa nazo?"

"Nitarudi na jibu," Inspekta alisema.

Walipotoka, Sajini alinong'ona, "Afande, umeahidi. Na kama alijirusha kweli?"

"Mtu hakunji miwani yake akaitia mfukoni ili akajiue."

Simu ililia. Alikuwa daktari wa polisi. "Nimemfungua," alisema. "Kifuani kuna michubuko miwili, kulia na kushoto, ukubwa wa viganja. Na chini ya kucha zake kuna ngozi. Si yake."

*

Kesho yake asubuhi Mama Mapacha aliwaita. Safari hii hakutania.

"Nakala mbichi zimefika," alisema. "Tazama."

Alifungua picha ya machimbo. Wingu halikuwapo. Maji yalikuwa meusi kama jicho, na pembeni mwa maji palikuwa na nukta moja nyeupe. Akafungua picha ya zamani zaidi: nukta ilikuwa ndogo. Ya zamani zaidi: hafifu, kama kitu kinachopumua chini ya maji. Ya zamani kabisa: maji matupu.

"Maji yanapungua," Inspekta alisema, "na kitu kinapanda."

"Hakipandi. Kimekaa. Maji ndiyo yanakiacha." Alifungua nyingine. "Sasa ona ya jana. Hii ni ile iliyopitia kwa Bosi."

Wingu la mbuzi lilikuwa juu ya machimbo kama kawaida. Lakini Mama Mapacha alivuta picha upande wa pili, mpaka katikati ya mji, mpaka mtaa wao wenyewe, na hapo Sajini akarudi nyuma hatua moja.

Juu ya jengo lao lilikaa wingu la pili. Lilikuwa na nundu moja na mkia. Halikuwa na kichwa.

"Jana," Mama Mapacha alinong'ona, "mzee wangu alisema safi. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Na mimi nilitazama," Sajini alisema. "Hakukuwa na hata unyoya."

Inspekta alisimama polepole. "Twende machimboni."

*

Hakuna aliyekwenda machimboni tena. Uzio ulikuwa umeota kutu, na njia ilikuwa imemezwa na nyasi. Juu jua lilikuwa kali, mbingu tupu, lakini Inspekta alijikuta akitembea huku ameinamisha mabega, kama mtu aliye chini ya kitu.

Maji hayakutikisika. Pembeni, kiasi cha kurusha jiwe, paa la gari dogo la mizigo lilikuwa limejitokeza, jeupe, na ndege mmoja amesimama juu yake.

Wazamiaji walifika na winchi. Gari lilipotoka, maji yalimwagika madirishani kwa muda mrefu. Ndani, kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Mifupa ilikuwa nyuma ya usukani, lakini mkanda uliokatwa ulikuwa wa upande wa abiria.

"Alihama kiti," Sajini alisema taratibu. "Alikuwa abiria. Alivuka akajaribu kutokea upande wa dereva."

"Na dereva alikuwa ameshatoka." Inspekta alitazama mifupa ya viganja iliyolala katikati ya usukani, palipo na honi. "Namba ya gari?"

Sajini alipiga simu, akasikiliza, akakata. "Ni gari la mdogo wake Bosi."

Njiani kurudi walipitia kwa mama yake Bosi. Bibi huyo aliwakaribisha kwa furaha, akawaonyesha simu yake kabla hawajauliza.

"Mdogo ananiandikia kila Jumapili, wanangu," alisema. "Hapigi, eti mtandao wa huko mbovu. Lakini haniachi. Soma, soma hapa. Anasema baridi huko inamuuma magoti."

Inspekta alisoma. Hakuweza kumtazama usoni.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti na dirisha la juu. Bosi aliketi wima.

"Una haki ya kukaa kimya," Inspekta alisema. "Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kunja mikono ya shati."

Bosi hakusogea. Sajini alimkunjia mwenyewe. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na mikwaruzo ya kucha, bado mibichi.

"Paka," Bosi alisema.

"Tumechukua ngozi chini ya kucha za marehemu. Tutalinganisha. Kama ni ya paka, nitakuomba radhi mbele ya ofisi nzima." Inspekta aliweka picha mezani, ya machimbo bila wingu. "Na gari tumelitoa."

Bosi aliitazama nukta nyeupe. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha," alisema. "Tulikuwa tumelewa wote, mimi zaidi. Nilikata kupitia machimboni. Sikuona ukingo. Nilitokea dirishani. Nikakaa kwenye nyasi. Nikasikia honi."

"Honi?"

"Ya gari. Chini ya maji. Alikuwa anapiga honi ili nirudi kumtoa." Sauti yake haikubadilika. "Ilikuwa kama inatoka mbali sana. Mimi naogelea vizuri, afande. Nilikaa nikaisikiliza mpaka ikanyamaza."

Sajini aliacha kuandika.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Hofu. Hapo mwanzo hofu. Halafu nikawaza, nikirudi nyumbani mimi badala yake, mama atanitazamaje? Yeye ndiye aliyependwa. Hata kwenye ile picha mezani, mama amemwegemea yeye. Nikasema basi, asife. Aende ng'ambo."

"Ukaanza kumwandikia mama."

"Kila Jumapili. Nilizoea. Kuna wakati nilikuwa nasubiri kwa hamu nijue ataandika nini."



"Na wingu?"

"Mvua zilipoisha, maji yakashuka. Bati la gari likaanza kuonekana. Mashine ikapaka nyekundu. Ilidhani ni wingu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mashine yenyewe ndiyo iliyonifundisha. Nikajua Mzee Anga ataifuta nyekundu ile, yeye alikuwa hafanyi kosa. Na palipo na maji na kitu kisichoeleweka, ofisi hutuma watu wakapime. Nikatafuta wingu la kweli, zuri, lina kivuli chake. Nikalibandika. Kila picha, lile lile."

"Kwa nini usibadilishe?"

"Niliogopa kubadilisha. Lile lilikuwa limeshafaulu."

"Nini kilitokea paani?"

"Nilimfuata nikamwambia, 'Mzee, achana na wingu lile, watu wanakucheka.' Alikuwa ameegemea ukuta. Akakunja miwani yake, akaitia mfukoni, akanitazama. Akasema, 'Sasa najua ni nani. Nilikuwa nataka kuona kama utanifuata.' Akasema ataomba nakala mbichi." Bosi aliangalia viganja vyake. "Nilimsukuma. Alinishika mkono. Nikautoa."

Inspekta aliweka picha ya pili mezani, yenye wingu juu ya jengo la ofisi.

"Sasa nieleze hili. Setilaiti yenu haiwezi kuona mtu. Nimeulizia. Mtu kwake ni mdogo kuliko nukta."

"Ni kweli."

"Wewe unajua kuliko wote."

"Najua."

"Basi ulifunika paa kwa sababu gani? Hakuna aliyekuwa anatafuta kitu pale. Ungeliacha wazi, usingejitaja."

Bosi alitazama dirisha la juu, palipokuwa na kipande kidogo cha bluu.

"Ilikuwa saa ya setilaiti kupita," alisema. "Nilipomsukuma niliinua macho. Hakukuwa na kitu chochote kati yangu na kule juu. Nikarudi mezani, nikakaa, picha ikafika, na paa lilikuwa wazi kabisa, jeupe. Najua haioni mtu. Lakini nilishindwa kulitazama."

*

Binti alikuwa amesimama mlangoni kabla hawajabisha hodi. Ndani, sauti za wanawake zilinyamaza, na mmoja wao, mwenye kikombe cha chai mkononi, alisogea karibu ili asikie.

Inspekta alisema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Baba yako alisukumwa. Aliyemsukuma amekiri. Lile wingu lilikuwa la kubandikwa, na katika ofisi nzima ni baba yako peke yake aliyeligundua. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho."

Kikombe kiligonga kisahani. Binti hakugeuka kumtazama shangazi yule. Alishika fremu ya mlango, akapumua kama mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu jana.

"Mpaka mwisho," alirudia. "Kuna aliyemsikia? Alisema nini, mwisho?"

Inspekta alifikiri juu ya maneno ya paani, yale yasiyosikika vizuri kutoka dirishani. Hayo yangesomwa mahakamani. Kisha akashika kiuno, akajipinda taratibu, maumivu yakimpanda mpaka sikioni, akainua uso juu kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze. Binti naye akainua.

"Alitazama juu kama kila siku," alisema. "Akawaambia wenzake alichokiona. Akasema, 'Safi!'"